Saini Kabla ya Jiwe: Chimbuko la Maktaba ya Umma ya Calgary

Maktaba ya kwanza ya umma katika jimbo la Alberta, Kanada, ilifunguliwa Januari 1912 huko Calgary, mji wa nyanda za nyasi. Jengo lake la mawe ya mchanga huhesabiwa miongoni mwa maktaba za Andrew Carnegie, tajiri aliyelitolea dola 80,000. Maelezo hayo ni ya kweli, ila yanaanzia katikati ya kisa. Carnegie hakutoa fedha pasipo mji kuahidi kuigharimia maktaba kila mwaka. Nayo sheria ya jimbo ya mwaka 1907 ilidai kwanza ombi lililotiwa saini na asilimia 10 ya wapiga kura. Saini hizo zilikusanywa na Annie Davidson na wenzake wa chama cha fasihi cha wanawake, kilichoanzishwa mwaka 1906. Wanawake wa Alberta hawakupata kura katika uchaguzi wa jimbo hadi 1916. Kwa hiyo, walioidai maktaba walilazimika kuwaendea wanaume ili wapate saini ambazo sheria ilizitambua. Historia inayoanza na hundi ya mfadhili huwafuta watu hao.