Mtunya: Njaa ya Ugogo, 1917 hata 1920

Katika nchi ya Ugogo wazee walihesabu miaka kwa njaa zao, na kila njaa kubwa ilipewa jina. Ile ya mwaka 1917 hata 1920 iliitwa Mtunya, maana yake kugombania.

Wako wadhanio kuwa asili yake ni ukosefu wa mvua tu. Mvua ilikosekana kweli. Lakini ukame si mgeni kwa Mgogo. Mtama ukikauka, hutoa ng'ombe kwa jirani aliyevuna, akapata nafaka. Vita vilivyoanza mwaka 1914 viliivunja njia hiyo. Wadachi walitwaa ng'ombe, nafaka na wapagazi. Na jeshi la Waingereza, lililoingia Dodoma mwezi wa Julai 1916, likafanya vivyo hivyo. Basi mvua ilipokosekana, ghala lilikuwa tupu na zizi limepungua.

Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyechunguza njaa za Ugogo kwa ajili ya shahada yake ya udaktari, hakutosheka na hati za serikali, bali aliwauliza wazee pia. Mwaka 1990 aliandika kwamba katika watu 150,000 walikufa 30,000, yaani mmoja katika kila watano.

Jina lenyewe ni ushahidi, kwani mbingu haigombanii chakula. Tena hati za jeshi huhesabu magunia yaliyopokewa, wala si nyumba yalikotoka. Kwa hiyo yafaa wanaosoma historia ya vita wayakusanye majina ya njaa kwa watoto na wajukuu wa wazee wale, kabla hayajasahauliwa.