Matope ya Runyenjes Ilianzia kwa Nyota: Stori ya Ulimwengu, Mwanzo Hadi Mwisho

Umewahi shuka mathree Runyenjes ama Nkubu mvua ikinyesha? Hiyo matope inayogandia kiatu ni nyekundu juu ya chuma iliyoshika kutu. Na hiyo chuma ni mzee kuliko Mlima Kenya.

Rada iko hivi. Miaka bilioni 13.8 iliyopita, kila kitu kilikuwa kimebanwa pamoja, moto balaa, kisha kikaanza kutanuka. Wanasayansi huita hiyo Mlipuko Mkuu. Mwanzoni kulikuwa na haidrojeni, heliamu na lithiamu kidogo tu. Chuma ilipikwa baadaye ndani ya nyota, zikalipuka, vumbi ikasambaa. Miaka bilioni 4.6 iliyopita, vumbi hiyo ikaunda jua na dunia.

Mlima Kenya ni mtoi: volkano yake ilianza kama miaka milioni 3 iliyopita. Mawe yake yameoza yakawa udongo unaolisha kahawa, chai, miraa na muguka. Hata damu yako iko na chuma ya nyota.

Mwisho je? Kama miaka bilioni 5 ijayo, jua litafura liichome dunia. Ulimwengu nao, wengi wanaona utazidi kutanuka hadi nyota zote zizime, ibaki giza na baridi.

Lakini hiyo isikunyime usingizi. Cheki mlima: barafu ya Lewis ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Huo mwisho, msee, huenda ukauona na macho yako.