Kisa cha Kweli Jukwaani: Mfano wa Kamĩrĩĩthũ, 1976–1982

Wanafunzi wa fasihi simulizi wamezoea kutenga hadithi, ambayo hakuna anayedai kuwa ilimtokea, na kisa, ambacho msimulizi hukitoa kama jambo lililompata yeye mwenyewe. Hadithi imeandikiwa mengi. Kisa, hasa kinapopanda jukwaani, hudhaniwa kuwa ni mazungumzo tu wala si sanaa. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa mfano wa Kamĩrĩĩthũ, kwamba kisa cha kweli nacho kina kanuni zake, na kwamba kubwa miongoni mwazo ni haki ya msikilizaji kumsahihisha msimulizi.

Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru, ni kimojawapo cha vijiji vilivyoundwa na serikali ya kikoloni wakati wa Hali ya Hatari, katika miaka ya 1950. Mwaka 1976 kituo cha elimu na utamaduni cha kijiji hicho kilianzisha masomo ya ngumbaru chini ya uongozi wa Ngũgĩ wa Mĩriĩ, na masomo hayo yalijengwa juu ya maisha ya wanafunzi wenyewe. Yeye na Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi, wakapewa kazi ya kuandika rasimu ya mchezo kwa Kigĩkũyũ. Ndio *Ngaahika Ndeenda*, ulioongozwa na Kimani Gecau.

Mwaka 1977 rasimu hiyo ilitolewa kwa wanakijiji, na mazoezi yakafanywa hadharani. Hapo ndipo ilipobadilika. Wazee walikataa maneno ambayo mtu wa rika lao asingeyatamka. Wafanyakazi wa kiwandani walieleza hatua kwa hatua jinsi kazi yao inavyokwenda na mshahara wao unavyoishia. Mwanamke asiyejua kusoma alikuwa ndiye mwalimu wa nyimbo za gĩtiiro. Bunduki za kuigiza zilitengenezwa na watu waliopata kutengeneza bunduki za kweli kwa ajili ya wapiganaji wa Mau Mau.

Msomi aweza kupinga kwamba hiki si kisa, bali ni tamthilia: Kĩgũũnda, mwenye shamba la ekari moja na nusu linalonyemelewa na tajiri, ni mtu wa kubuniwa. Ni kweli. Hata hivyo, yafaa tutazame uhakika wa maneno yake ulitoka wapi. Katika mikutano ya masimulizi ya The Moth, iliyoanzishwa New York mwaka 1997 na mwandishi George Dawes Green, msimulizi husimama peke yake, bila karatasi, akasema "mimi". Dhamana ya ukweli ni mtu huyo mmoja, na hadhira humwamini. Kamĩrĩĩthũ neno "mimi" liliachwa, na dhamana ikawa kwa waliosikia na kusema, "Sivyo ilivyokuwa." Mmoja angeweza kutiliwa shaka, lakini kijiji kizima kilikuwa kimekwisha kujihoji.

Pengine hili husaidia kueleza ukali wa serikali. *The Trial of Dedan Kimathi*, ulioandikwa kwa Kiingereza, ulichezwa Nairobi mwaka 1976, na waandishi wake hawakutiwa kizuizini kwa ajili yake. *Ngaahika Ndeenda* ulianza kuonyeshwa tarehe 2 Oktoba 1977. Kufikia katikati ya Novemba kibali chake kilikuwa kimeondolewa, na mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini kwa karibu mwaka mzima. Machi 1982, baada ya *Maitũ Njugĩra* kuzuiwa, ukumbi uliojengwa na wanakijiji kwa mikono yao ulibomolewa.

Kilichobaki ni kitabu kilichochapishwa mwaka 1980, chenye majina mawili ya waandishi. Sisi tulio vyuoni hufundisha kitabu hicho kana kwamba ndicho kazi yenyewe, na masahihisho yaliyokifanya kiaminike hatuyahesabu kuwa utunzi. Ngũgĩ wa Mĩriĩ alifariki mwaka 2008, na Ngũgĩ wa Thiong'o mwaka 2025. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1977 sasa anakaribia 70. Hapana budi wale waliosahihisha waulizwe wangali hai: ni neno lipi walilikataa, na ni kisa cha nani kilichowapa lingine?