Mwana wa Iringo na Mwana wa Ng'ambo: Rai juu ya Malezi ya Timu ya Taifa

Tangu kikosi cha Taifa Stars kiliporejea kutoka Ivory Coast mapema mwaka 2024, ambako kilishiriki fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika zilizohesabiwa kuwa za mwaka 2023, kadhia ya wachezaji waliozaliwa au kulelewa ng'ambo haijatoka vinywani mwa wapenzi wa soka. Kikosini walikuwamo Haji Mnoga, mzaliwa wa Portsmouth, Tarryn Allarakhia, mzaliwa wa London, na Ben Starkie, aliyekuwa akiichezea Basford United ya madaraja ya chini ya Uingereza. Na maadamu matokeo yalikuwa kichapo kimoja na sare mbili, kila mtu alipata ithibati ya rai aliyokwisha kuwa nayo kabla ya mpira kuanza. Wako waliosema kwamba jezi ya taifa ni amana ya aliyekulia katika vumbi la nchi hii, na kwamba kumwita kijana asiyejua Kiswahili ni kuwavunja moyo waliobaki. Wako waliojibu kwamba damu haina mpaka, na kwamba mataifa makubwa ya bara hili hayaoni haya kuwatafuta wana wao walioko Paris, Rotterdam na Brussels.

Naiandika makala hii nikiitazama kadhia hiyo kutoka Mara, na kwa hakika kutoka kata ya Iringo, katika Manispaa ya Musoma, kwa kuwa mabishano haya aghalabu huendeshwa Dar es Salaam na watu wanaomtaja mtoto wa mkoani kama shahidi ambaye hakuitwa kutoa ushahidi. Rai yangu ni kwamba mwana wa ng'ambo hamnyimi mwana wa Iringo kitu chochote. Anachonyimwa mwana wa Iringo alikwisha kunyimwa akiwa na umri wa miaka 12, zamani kabla jina la mgeni yeyote halijaandikwa katika orodha ya kambi.

Kwanza tuliweke pembeni suala la nasaba. Mkoa wetu unapakana na Kenya, na Wakurya na Wajaluo wanaishi pande zote mbili za mpaka uliochorwa na Waingereza na Wajerumani pasipo kuwauliza; mwanamke wa Tarime kujifungulia ng'ambo ya Sirari ni jambo la kawaida, na hapana mzee mwenye busara atakayemwambia mtoto huyo kwamba si wa ukoo. Tena ni mtu wa Butiama, Mwalimu Julius Nyerere, ambaye Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, alisimama bungeni na kuwapinga vikali wajumbe waliotaka uraia wa Tanganyika ujengwe juu ya rangi ya mtu, akawa tayari hata kujiuzulu kuliko kuikubali hoja hiyo. Mkoa uliomzaa mtu huyo hauwezi, kwa insafu, kuwa wa kwanza kumpima mchezaji kwa mahali kilipokatwa kitovu chake.

Hata hivyo nasaba ni jambo moja na sheria ni jingine, na hapa watetezi wa wana wa ng'ambo hupita haraka mno. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili; mtoto wa Mtanzania aliyezaliwa ng'ambo huurithi uraia wa mzazi wake, lakini akifika miaka 18 hutakiwa kuchagua. Kijana wa Uingereza anayetegemea pasipoti ya huko kwa riziki yake anaombwa, basi, achague baina ya ajira na jezi ambayo huenda akaivaa mara nne au tano tu. Ni ajabu kwamba tunazigombania nafsi za vijana hawa katika redio usiku kucha, ilhali mlango wa sheria wanaopaswa kuupita tunauzungumza mara chache na kwa sauti ya chini.

Liko kundi jingine ambalo halipasi kabisa kuchanganywa na hao, nalo ni la wageni wanaopewa uraia wakiwa wachezaji kamili. Januari 2025 Idara ya Uhamiaji ilithibitisha kwamba wachezaji watatu wa Singida Black Stars, kutoka Ghana, Guinea na Ivory Coast, wamekuwa raia wa Tanzania. Kanuni za FIFA humtaka mchezaji wa namna hiyo, asiye na mzazi wala babu au bibi mzaliwa wa nchi husika, awe ameishi humo miaka 5 kabla ya kuichezea. Kwa hiyo faida ya mara moja haikuwa ya Taifa Stars hata kidogo, ilikuwa ya klabu, kwani mchezaji aliyekwisha kuwa raia hahesabiwi tena katika idadi ya wageni, ambayo katika Ligi Kuu yetu imeruhusiwa kufika 12 kwa kila klabu. Simlaumu mtu anayeomba uraia kwa njia ya halali. Kibu Denis, mwenye asili ya Kongo, alipewa uraia mwaka 2021 akaitumikia timu ya taifa kwa bidii ambayo hapana anayeitilia shaka. Ila taifa lisipokuwa na mizani hutumbukia lilikotumbukia Rwanda, ambayo mwaka 2014 iliondolewa na CAF katika mbio za kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa sababu mshambuliaji wake alionekana kuwa na majina mawili na nchi mbili.

Sasa nirudi kwa wale wenye nasaba. Kwa nini kijana wa daraja la nne au la sita la Uingereza huitwa kikosini, na akifika hushindana sawasawa na mchezaji wa klabu zetu kubwa? Watu wepesi wa kujibu husema ni kwa sababu ana kipaji kikubwa zaidi, au kwa sababu tunawatukuza watu wa Ulaya. Jibu la kweli ni zito zaidi. Mnoga alilelewa katika kituo cha vijana cha Portsmouth, na katika nchi ile klabu huandikisha watoto kuanzia kikosi cha walio chini ya miaka 9. Toka umri huo mtoto huwa na mwalimu mwenye cheti, ratiba ya mazoezi, daktari, na mchezo wa ushindani karibu kila juma, msimu baada ya msimu, hata atakapofika miaka 18. Anapoingia uwanjani na jezi yetu anakuja na takriban miaka kumi ya malezi ambayo hatukuyalipia senti. Ni mavuno ya shamba la jirani, na jirani hakukataza tuyachukue. Lakini mwenye akili hatayaita mavuno hayo kilimo chake.

Mlinganishe na mtoto wa Iringo. Shule yake hushiriki UMITASHUMTA, na akiwa sekondari UMISSETA, mashindano ambayo yana historia ya heshima na ambayo kusimamishwa kwake kwa muda mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulituachia pengo la kizazi kizima. Lakini tazama umbo la mashindano yenyewe: shule hupeleka wachezaji wake katani, kata wilayani, wilaya mkoani, na mkoa taifani, na kila hatua huacha nyuma wengi kuliko inaowachukua. Mtoto aliyeachwa wilayani hana mchezo mwingine rasmi hadi mwaka ujao. Humaliza siku hizo katika soka ya mchangani na katika ndondo, akicheza na watu wazima wenye miaka 25, ambao humfundisha ujanja na ustahimilivu, na wakati mwingine humvunja mguu, lakini hawamfundishi kusimama katika nafasi yake mpira ukiwa mbali. Kisha kati ya mtoto huyu na Ligi Kuu hapana ngazi. Kuna ukuta, na juu ya ukuta huo wamekaa wageni 12.

Wanaotaka kikosi cha waliokuzwa nyumbani peke yao hupenda kuwakumbusha watu mwaka 1980, tulipokwenda Lagos katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, na goli la Peter Tino kule Ndola lililotupeleka. Kumbukumbu ni njema. Lakini baada ya Lagos tulikaa miaka 39 pasipo kurudi katika fainali hizo, na katika muda huo wote kikosi kilikuwa, takriban chote, cha waliokuzwa nyumbani. Wanaowatukuza wana wa ng'ambo nao wana hesabu ya kujibu, kwani katika fainali nne tulizoshiriki, za 1980, 2019, 2023 na 2025, Tanzania haijashinda mchezo hata mmoja.

Mwaka 2025 ulitupa fursa adimu ya kuzipima rai zote mbili katika muda wa miezi mitano. Agosti, katika michuano ya CHAN ambayo ni ya wachezaji wa ligi za nyumbani tu, Taifa Stars iliongoza kundi lake kwa pointi 10 baada ya kuzifunga Burkina Faso, Mauritania na Madagascar, ikatolewa robo fainali na Moroko kwa goli 1 kwa 0 katika Uwanja wa Benjamin Mkapa. Desemba, katika Kombe la Mataifa lenyewe, kikosi kilichochanganyika kilifungwa na Nigeria 2 kwa 1, goli letu likitiwa na Charles M'Mombwa, aliyelelewa kisoka Australia. Kikatoka sare na Uganda, ambayo goli lake la kusawazisha lilifungwa na Uche Ikpeazu, mzaliwa wa London (na sikumsikia mtu wa Kampala akilikataa). Kikatoka sare na Tunisia kwa goli la Feisal Salum, mwana wa Zanzibar. Kikavuka kwa mara ya kwanza katika historia yetu hadi hatua ya 16 bora, na huko Rabat, mwezi Januari, kikatolewa na Moroko, tena kwa goli 1 kwa 0.

Mtu asiyeyafikiri mambo atasema matokeo hayo mawili yanalingana. Hayalingani, kwa kuwa CHAN ni michuano ambamo wapinzani nao huwaacha mabingwa wao Ulaya, na Moroko ya Agosti haikuwa Moroko ya Januari. Lakini adui alikuwa mmoja, na inafaa kuuliza adui huyo amejijenga vipi. Katika Kombe la Dunia la 2022 Moroko ilifika nusu fainali ikiwa na wachezaji 14 kati ya 26 waliozaliwa nje ya nchi. Hilo husemwa sana. Husahauliwa kwamba Youssef En-Nesyri, aliyeitungua Ureno, Nayef Aguerd na Azzedine Ounahi walitoka katika Akademi ya Mohammed VI, nyumbani. Senegal vilevile, ilipotwaa kombe la Afrika Februari 2022, iliokolewa na kipa Édouard Mendy, mzaliwa wa Ufaransa, kisha penalti ya ushindi ikapigwa na Sadio Mané, mtoto wa kijiji cha Bambali aliyepitia Génération Foot. Jirani zetu wa Visiwa vya Komoro, ambao kikosi chao kilijengwa kwa sehemu kubwa na vijana wa Ufaransa, waliifunga Ghana 3 kwa 2 mwezi Januari mwaka huohuo na kuushangaza ulimwengu. Nawapongeza, lakini nchi yenye vituo vya nyumbani hurudi mwaka baada ya mwaka, na nchi isiyo navyo hungojea bahati ya kizazi kingine cha wahamiaji.

Nyumbani petu malezi ya namna hiyo yamekwisha kuthibitika pale yalipojaribiwa. Novatus Dismas alitoka katika kituo cha vijana cha Azam, Chamazi, akafika Shakhtar Donetsk. Mbwana Samatta aliinuka katika vilabu vya Dar es Salaam, akatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika na TP Mazembe mwaka 2015, na Januari 2020 akajiunga na Aston Villa. Angalia, lakini, ramani ya mifano hiyo: yote imesimama pwani, katika jiji moja, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka ziwani kwetu.

Na wasiseme Mara haina soka. Biashara United, iliyokuwa na maskani yake katika Uwanja wa Karume mjini Musoma, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2018, na baada ya misimu mitatu ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Iliitoa Dikhil ya Djibouti, kisha ikaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya magoli 2 kwa 0. Oktoba 2021 ilitakiwa kwenda Libya kurudiana, lakini safari ikakwama kwa kukosekana vibali vya ndege, na timu ikaondolewa mashindanoni pasipo kufungwa. Msimu ulipokwisha ilishuka daraja. Hapana katika habari hiyo mahali ambapo kipaji kilipungua. Kilichopungua ni fedha, utawala na watu wa kushughulikia makaratasi kwa wakati. Huko Bunda wasichana wa Bunda Queens wameingia Ligi Kuu ya Wanawake, jambo ambalo magazeti huliandika kwa mistari mitatu kisha yakarudia usajili wa Simba na Yanga.

Kwa hiyo sioni sababu ya kufunga mlango kwa mwana wa Portsmouth. Aitwe, apimwe, akizidi achezeshwe, na sheria ya uraia ijadiliwe waziwazi ili asilazimishwe kuishi katika utata. Mgeni aliyepewa uraia naye angoje miaka yake mitano kama kanuni inavyodai. Lakini michuano ya 2027 tutaiandaa sisi pamoja na Kenya na Uganda, na kishawishi cha kukusanya wachezaji wa haraka kutoka kila pembe ya dunia kitakuwa kikubwa kuliko wakati wowote, kwa kuwa mwenyeji huona haya kufungwa mbele ya wageni wake. Ombi langu kwa shirikisho letu la soka, TFF, ni jepesi kutekelezwa na gumu kukwepwa: kila itakapotangaza jina la mchezaji aliyeitwa kutoka ng'ambo, itangaze pia, mkoa kwa mkoa, idadi ya michezo rasmi ambayo watoto wa chini ya miaka 15 wamecheza katika mwaka huo, na majina ya walimu wenye leseni waliowafundisha. Wananchi wa Musoma, Bunda na Butiama wakiisoma safu ya Mara katika orodha hiyo watajua wenyewe wamlaumu nani.