Tembe za kupunguza kolesteroli ni kinga kwa waliopata kiharusi

MTU aliyewahi kupata kiharusi yumo katika hatari kubwa ya kukipata tena.

Mara nyingi kiharusi husababishwa na kuzibwa kwa mshipa unaopeleka damu ubongoni. Aina ya pili hutokea mshipa unapopasuka na damu kuvuja.

Kolesteroli mbaya, iitwayo LDL, inapozidi hujikusanya kwenye kuta za mishipa na kuifanya iwe myembamba. Utando huo ukipasuka, damu huganda hapo na kuziba njia.

Ndiposa waliopata kiharusi cha kuzibwa kwa mshipa hupewa tembe za statini. Dawa hizi huzuia kimeng'enya kinachotumiwa na ini kutengeneza kolesteroli, nalo ini hulazimika kuondoa LDL zaidi kutoka kwa damu.

Katika utafiti wa SPARCL uliochapishwa mwaka wa 2006, wagonjwa 4,731 waliowahi kupata kiharusi, au dalili zake za muda mfupi, walifuatiliwa kwa karibu miaka mitano. Kati ya waliomeza miligramu 80 za atorvastatin kila siku, asilimia 11.2 walipata kiharusi tena, ikilinganishwa na asilimia 13.1 ya waliopewa tembe zisizo na dawa.

Hata hivyo, wagonjwa 55 waliotumia dawa hiyo walivuja damu ubongoni, ilhali katika kundi la pili walikuwa 33. Kwa hivyo, ni muhimu picha ya ubongo ipigwe ili aina ya kiharusi ijulikane kabla ya matibabu kuamuliwa.

Utafiti mwingine wa Ufaransa na Korea Kusini, uliochapishwa mwaka wa 2019, ulionyesha kuwa wagonjwa wenye mishipa iliyojaa mafuta hunufaika zaidi LDL ikishushwa chini ya milimoli 1.8 kwa lita.

Baadhi ya wanaotumia statini hupata maumivu ya misuli, na sukari mwilini yaweza kupanda kidogo. Anayepatwa na hali hiyo anafaa kumwona daktari, ambaye anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa.

Kosa kubwa ni kuacha tembe kwa sababu mtu anajihisi mzima. Kolesteroli haina maumivu, na hupanda tena dawa inapoachwa.

Aidha, statini hazichukui nafasi ya kudhibiti shinikizo la damu, kuacha sigara, kupunguza chumvi na kufanya mazoezi.