Utafutaji ndani ya mistari maalumu

Utafutaji ndani ya mistari maalumu ni njia ya kutafuta neno katika sehemu moja tu ya faili, kwa mfano kati ya mstari wa 40 na wa 75, badala ya faili zima. Unapatikana katika vihariri maandishi vingi, yaani programu za kompyuta za kuandika na kusahihisha matini.

Haja yake huonekana hasa pale jina moja linapotaja mahali pawili. Pemba ni kisiwa cha Zanzibar chenye miji ya Wete, Chake Chake na Mkoani. Lakini Pemba pia ni mji mkuu wa jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, uliokuwa ukiitwa Porto Amélia wakati wa ukoloni wa Wareno. Katika faili linalozungumzia mahali pote pawili, amri ya kubadilisha kila "Pemba" kuwa "Kisiwa cha Pemba" itaugeuza mji wa bara kuwa kisiwa, na kompyuta haitaona kosa lolote.

Historia

Kutaja mistari kwa namba kulikuwepo tayari katika ed, kihariri kilichoandikwa na Ken Thompson kwa ajili ya Unix mwaka 1969. Bill Joy aliuendeleza utaratibu huo katika ex na vi miaka ya 1970, kisha Bram Moolenaar wa Uholanzi katika Vim, iliyotolewa mwaka 1991. Moolenaar aliwahi kufanya kazi ya kujitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, na aliwaomba watumiaji wa programu hiyo ya bure wawachangie watoto wa huko.

Matumizi

Katika Vim, kubadilisha neno kuanzia mstari wa 40 hadi wa 75 huandikwa hivi:

:40,75s/Pemba/Kisiwa cha Pemba/gc

Mistari yote miwili iliyotajwa huhesabiwa. Herufi g hugusa kila neno linalolingana katika mstari, na c huomba idhini kabla ya kila badiliko. Haifai kuiacha c: palipokwisha kuandikwa "Kisiwa cha Pemba" patakuwa "Kisiwa cha Kisiwa cha Pemba".

Kutafuta bila kubadilisha huandikwa:

/\%>39l\%<76lPemba

Hapa wengi hukosea. Maana yake ni "baada ya mstari wa 39 na kabla ya 76", hivyo anayeandika 40 na 75 huikosa mistari miwili ya pembeni. Kinachofuata namba ni herufi l ndogo, si tarakimu 1.

Namba hazifuati maandishi: aya ikiongezwa juu, mstari wa 40 huwa mwingine. Kwa kazi ndefu ni afadhali kuweka alama kwa ma kwenye mstari wa kwanza na mb kwenye wa mwisho, kisha kuanza amri ya kubadilisha kwa :'a,'b badala ya namba. Alama huhama pamoja na mstari wake.

Visual Studio Code na LibreOffice Writer hazidai namba. Mtumiaji huteua sehemu kwa kipanya, kisha huchagua kutafuta ndani yake tu.