Mwani usio na bahari

Gazeti likiandika "mwani wa maji baridi" kwa maana ya spirulina, msomaji wa Butembo au Beni, mashariki mwa Kongo, ataambulia nini? Mwani ni wa maji ya chumvi. Wanaoulima ni akina mama wa Paje, Unguja. Mboga ya Beni ni sombe na lengalenga. Tena wanasayansi huiweka spirulina kwenye kundi la bakteria. Wakanembu wa Ziwa Chad huianika kwenye mchanga na kuiita dihé. Katikati ya miaka ya 1960 mtaalamu wa mimea Mbelgiji, Jean Léonard, aliikuta huko mikate yake mikavu. Zaidi ya nusu ya uzito mkavu wa spirulina ni protini, ila sehemu kubwa ya vitamini B12 yake inayosifiwa haitumiki mwilini. Kiswahili cha Butembo kimemeza Kifaransa kingi. "Spirulina" haitakikaba koo.